Betri ya Gari la Zamani: Isome Kabla Hujanunua

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni, gari la kwanza tulilonunua halikuwa jipya. Lilikuwa gari la mkono wa tatu au wa nne, lina miaka kumi na tano au ishirini, tulilolipata kwa fedha za kujibana. Lakini gari hilo hilo ndilo linalompeleka mama zamu ya usiku, watoto madrasa au kanisani mwisho wa wiki, na mwanafunzi kwenye kibarua chake cha ghalani. Siku likigoma kuwaka, nyumba nzima inasimama.

Mimi ni muuguzi hapa Uingereza na sehemu kubwa ya zamu zangu ni za usiku. Kila baridi ikianza, kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa mji huu swali huwa lile lile: "Jamani, gari haliwaki, betri imekufa. Ninunue ipi?" Na jibu la haraka huwa lile lile pia: "Nunua yoyote ya volti 12."

Jibu hilo halitoshi. Karibu betri zote za magari madogo ni za volti 12, kama vile mifuko yote ya damu ni myekundu. Hakuna muuguzi anayemtundikia mgonjwa damu kwa kutazama rangi. Anasoma kilichoandikwa kwenye mfuko, anakilinganisha na mgonjwa aliye mbele yake, kisha mwenzake anahakiki tena. Betri ya gari la zamani inataka utaratibu huo huo, na mtu yeyote anaweza kuufuata hata kama hajawahi kushika spana.

Kwanza, je, mgonjwa ni betri kweli?

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha betri ndiyo yenye ugonjwa. Mita ndogo ya kupimia umeme inauzwa bei nafuu na itakutumikia miaka. Ipime betri gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imepungua kiasi. Ikisoma 12.0 au chini ya hapo, imeisha chaji.

Lakini kuisha chaji si kufa. Huenda taa ya ndani iliachwa inawaka usiku kucha, au gari linatembea dakika tano tu hadi shuleni na kurudi, kwa hiyo halipati muda wa kuichaji. Ichaji kikamilifu, iache usiku mzima, kisha ipime tena. Ikiwa imeshuka yenyewe bila kutumika, hapo ndipo unaweza kuishuku.

Pima pia injini ikiwa inanguruma. Kwa magari mengi ya zamani, mita inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, alteneta haichaji, na betri mpya utakayonunua leo itakufa wiki hiyo hiyo. Tazama vichwa vya betri vilevile. Ukiona unga mweupe au wa kijani, au waya uliolegea, safisha na kaza kwanza. Gari linalolia "tik-tik" bila kuwaka mara nyingine linadai usafi tu.

Maduka mengi ya vipuri hukupimia betri bure au kwa fedha kidogo. Waombe wakupe majibu kwa maandishi.

Mashahidi watatu

Kwa gari jipya, kazi ni rahisi. Hapa Uingereza unaandika namba ya gari kwenye tovuti ya duka, na betri inajitokeza. Marekani unachagua mwaka, aina ya gari na injini. Gari la zamani lina historia, na ndiyo sababu usimwamini shahidi mmoja peke yake.

Shahidi wa kwanza ni orodha ya duka. Inasaidia sana, lakini huenda modeli moja ya mwaka mmoja ilitoka na injini mbili au tatu. Gari la dizeli kwa kawaida hutaka betri yenye nguvu kuliko ndugu yake wa petroli. Gari lililoingizwa kutoka Japani mara nyingine halimo kabisa kwenye orodha, au limo kwa namna isiyolingana nalo.

Shahidi wa pili ni betri iliyomo. Juu yake au ubavuni kuna namba na vipimo. Piga picha zote, pande zote. Lakini naye si wa kuaminiwa peke yake. Gari lenye miaka ishirini limebadilishiwa betri mara kadhaa, na si kila mmiliki aliweka iliyo sahihi. Huenda wewe ndiye umerithi betri ndogo aliyoibandika mtu ili gari liuzike.

Shahidi wa tatu ni gari lenyewe: kitako betri inapokaa, chuma kinachoishikilia, urefu wa nyaya, na nafasi kati ya betri na boneti. Chukua rula au futi ya fundi cherehani upime. Shahidi huyu hadanganyi. Na kama kitabu cha gari bado kimo kwenye kidroo cha mbele, kifungue ukurasa wa vipimo.

Mashahidi watatu wakikubaliana, nunua. Wakitofautiana, simama uulize.

Mambo matano ya kulinganisha

Sisi wauguzi, kabla ya kutoa dawa, tunafundishwa kuhakiki mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Betri nayo ina matano yake.

1. Ukubwa wa sanduku. Pima urefu, upana na kimo kwa milimita. Kimo ndicho watu wengi husahau. Hapa Uingereza betri hutajwa kwa namba za tarakimu tatu. Namba 027 na namba 075 zote zina urefu wa milimita 242 na upana wa 175. Tofauti ni kimo: 027 ina milimita 190, na 075 ina 175. Ni milimita 15 tu, lakini betri ndefu ikiwekwa mahali pa fupi, kichwa chake kinaweza kugusa chuma cha boneti ukiifunga. Hapo ni cheche na moto.

2. Upande wa vichwa. Simama ili vichwa vya betri viwe karibu na tumbo lako. Je, chanya, yaani alama ya kujumlisha, iko kulia au kushoto? Betri mbili zinaweza kufanana kwa kila kipimo na zikatofautiana hapa tu. Ukichanganya chanya na hasi hata kwa muda mfupi, unaweza kuunguza fyuzi, alteneta na hata kompyuta ya gari.

3. Unene wa vichwa na namna ya kufungwa. Baadhi ya magari madogo ya Kijapani yana vichwa vyembamba, na mengi ya Ulaya yana vinene. Klipu nene kwenye kichwa chembamba hucheza hata ukiikaza vipi, na waya unaocheza hupata moto. Kisha tazama betri inashikiliwaje. Betri nyingi za Ulaya zina ukingo chini, unaobanwa na kipande cha chuma kwenye kitako. Za Kijapani mara nyingi hushikwa kwa chuma kinachopita juu. Betri isiyoshikwa itatikisika, itapasuka ndani, na gari likigongwa inaweza kuruka.

4. Nguvu. Kuna namba mbili. Ya kwanza ni ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi. Ya pili imeandikwa CCA, nayo inaonyesha nguvu ya kuwasha gari kwenye baridi kali ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ampea-saa ikaribie ile ya mtengenezaji wa gari. CCA isipungue, lakini ikizidi haidhuru. Gari huchukua umeme linaouhitaji tu, kama mtu anayekunywa maji mtungini.

5. Aina. Magari ambayo injini hujizima yenyewe kwenye taa za barabarani hutaka betri maalumu, zenye herufi EFB au AGM. Gari la zamani lisilo na mfumo huo linatosheka na betri ya kawaida ya risasi na asidi. Muuzaji akikusukumia AGM ya bei kubwa, muulize kwa upole ni kwa sababu gani. Ila kama gari lilitoka kiwandani na AGM, usilishushe daraja. Kuwa mwangalifu pia betri inapokaa nyuma au ndani ya gari, kama ile ya volti 12 kwenye Toyota Prius za zamani, ambazo ndugu zetu wengi wanafanyia kazi ya teksi. Hiyo hutaka betri ya aina yake, yenye mrija wa kutoa hewa nje, ili gesi isijikusanye walimo abiria.

"Waya ukikataa, betri ndiyo imekosea"

Mwenzangu mmoja, dada wa Mombasa anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ana gari dogo la Kijapani la mwaka 2004. Mwezi wa Januari mwaka juzi lilimkatalia. Akaenda duka moja la vipuri, wakaingiza namba ya gari, wakamuuzia betri. Alipofika nayo nyumbani, betri ikakaa vizuri kabisa kwenye kitako, lakini waya wa chanya haukufika. Chanya ilikuwa upande wa pili.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, na zamu yake inaanza saa mbili usiku. Kazi yenyewe ilikuwa ya muda. Asipofika halipwi, na mara mbili za kutofika humtoa mtu kwenye orodha. Alinipigia simu akiuliza kama anaweza kuuvuta waya au kuigeuza betri iangalie upande wa pili. Nikamuunganisha na kaka mmoja Mkongo wa mtaani kwetu, aliyekuwa fundi Bukavu kabla ya kuja huku.

"Dada, usivute waya," alimwambia. "Waya ukikataa, betri ndiyo imekosea. Isome namba ya ile ya zamani, herufi kwa herufi."

Ya zamani ilikuwa na 46B24R. Mpya ilikuwa 46B24L. Kila kitu sawa isipokuwa herufi ya mwisho. Alikuwa hajaifunga wala kuichafua, risiti anayo, duka likambadilishia. Kazini alifika kwa lifti ya jirani, na betri aliifunga kesho yake mchana, kwa mwanga.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu ya namba hizo, kwani magari mengi ya Kijapani yanazitumia, huku na nyumbani. Zisome hivi: 46 ni daraja la nguvu. B ni kundi la upana na kimo. 24 ni urefu kwa sentimita, kwa kukadiria. Herufi ya mwisho ni upande wa vichwa. Hapo jihadhari: ukisimama na vichwa karibu na tumbo lako, betri ya L ina chanya kulia, na ya R ina chanya kushoto. Ni kinyume na wanavyodhani wengi wanaojua Kiingereza. Usiitafsiri herufi, ilinganishe na ya zamani, kisha tazama chanya kwa macho yako. Ukiona S mwishoni, kama 46B24LS, maana yake vichwa ni vinene.

Walio Marekani, Ghuba, na wanaotuma fedha nyumbani

Marekani, ukubwa na mpangilio wa vichwa hutajwa kwa namba ya kundi. Toyota nyingi huchukua kundi 35 au 24F, na Honda Civic nyingi za zamani huchukua 51R. Herufi nazo ni sehemu ya jina: 51 na 51R zimegeuziana vichwa. Huko pia unalipa dhamana ya dola kadhaa unaponunua, na unarudishiwa ukileta betri ya zamani. Usiiache fedha hiyo dukani.

Ndugu zetu wa Muscat, Dubai na Doha wana tatizo tofauti. Watu wengi hudhani baridi ndiyo inayoua betri. Kweli baridi huipunguzia nguvu, lakini joto ndilo linaloila ndani kwa ndani. Betri inayodumu miaka minne au mitano Uingereza huenda isifike mitatu kwenye joto la Ghuba. Kwa hiyo huko tarehe ya kutengenezwa ina uzito zaidi. Muulize muuzaji akuonyeshe tarehe iliyogongwa au kubandikwa kwenye betri, na uipime kwa mita hapo hapo. Betri "mpya" iliyokaa rafuni mwaka mzima na kusoma chini ya volti 12.4, iache hapo hapo.

Na wapo tunaopigiwa simu kutoka nyumbani: "Mwanangu, gari la baba yako halishiki, fundi anataka fedha ya betri." Kule Tanzania na Kenya mafundi wengi hutumia majina ya zamani ya Kijapani. NS60 ni ile ile 46B24R, na NS60L ni 46B24L. NS70 ni 65D26R. Kabla ya kutuma, omba kwa heshima picha mbili: lebo ya betri ya zamani, na betri yenyewe ikiwa ndani ya gari. Si kwamba unamshuku mzee au fundi wake. Fedha ikishatumwa na betri isipoingia, anayebaki bila usafiri ni mzee.

Kuibadilisha bila kuumia

Kama huna uhakika, mpe fundi. Ukiamua kuifanya mwenyewe, zima gari, toa ufunguo, na ungoje dakika chache. Kama redio yako ni ya zile za kudai namba ya siri umeme ukikatika, itafute namba hiyo kwanza. Baadhi ya magari ya Ulaya, hasa BMW za kuanzia miaka ya 2000, hutaka kompyuta ijulishwe kuwa betri imebadilishwa, ulizia kabla.

Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Wakati wa kufunga, anza na chanya, malizia na hasi. Mpangilio huu una sababu: bodi ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hiyo hasi ikiwa bado imefungwa na spana yako ikagusa chanya na bodi kwa pamoja, utaona radi ndogo mkononi mwako. Vua pete na bangili. Usivute sigara hapo, kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni.

Vaa glavu na miwani. Maji ya betri ni asidi ya salfa. Yakikuingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, kisha nenda hospitali. Usisubiri uone kama litatulia. Inua betri kwa magoti, si kwa kiuno. Nyingi zina uzito wa kilo 10 hadi 20, nami nimewahudumia watu wengi walioumia migongo kwa kuinua vitu vyepesi kuliko hapo. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto au kula, maana ndani ya betri mna risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo.

Betri ya zamani usiitupe kwenye pipa la nyumbani wala kuificha nyuma ya banda. Uingereza, sheria inakataza betri za magari kufukiwa jalalani au kuchomwa. Ipeleke kwenye kituo cha takataka cha halmashauri, au uliza dukani kama wanaipokea. Risasi yake hutengenezewa betri nyingine, na baadhi ya wanunuzi wa vyuma chakavu hulipa.

Karatasi moja kidroni

Ukishapata betri iliyo sahihi, andika karatasi moja na uiweke kwenye kidroo cha mbele cha gari: namba ya betri, urefu, upana na kimo, chanya iko upande gani, vichwa ni vinene au vyembamba, ampea-saa, CCA, na tarehe uliyoifunga. Ambatisha risiti, kwa sababu betri nyingi zina dhamana ya miaka mitatu au zaidi, nayo haifanyi kazi bila ushahidi. Ipige picha pia uiweke kwenye simu ya mume, mke au mtoto mkubwa.

Gari la familia huendeshwa na wengi. Siku litakapogoma tena huenda wewe uko wodini simu imezimwa, na aliyeko nyumbani ni binti wa miaka kumi na tisa anayewahi mtihani. Akiwa na karatasi hiyo, ataingia dukani na kusema, "Nataka hii," na hatauziwa nyingine.